Sauti ya Bibi na Mbu wa Kipakatalishi



Ndugu zetu wasomaji, zimo majumbani mwetu sauti nyingi ambazo hatujiulizi zinatufikiaje. Kisomo cha alfajiri kinachotoka katika simu iliyolazwa juu ya kabati, salamu za mtoto aliyeko Muscat akimpelekea mamake ujumbe wa sauti, kanda za harusi za zamani zilizohamishiwa katika flashi: zote hizo zimehifadhiwa kama tarakimu tupu, safu juu ya safu. Spika haijui kusoma tarakimu. Spika ni karatasi iliyowambwa, husukumwa mbele na nyuma na umeme kama ngozi ya ngoma isukumwavyo na kiganja. Basi hapana budi pawe na kitu katikati kinachozipokea tarakimu na kuzirudisha kuwa mawimbi ya umeme, na kitu hicho ndicho kigeuzi cha sauti kutoka dijitali kwenda analogi. Vijana na wauza vyombo hukiita kwa mkato "daki". Sisi tutakiita kigeuzi.

Kila chombo chenye sauti ya dijitali kina kigeuzi chake ndani: simu, runinga, tarakilishi, hata ile spika ndogo ya Bluetooth inayobebwa kwenda ufukweni. Tunachotaka kukizungumza leo ni kigeuzi kilichotolewa nje, kikapewa kisanduku chake peke yake, kikauzwa kwa bei yake peke yake. Yasemwayo juu ya kisanduku hicho madukani yamechanganya kweli na chumvi, na chumvi ndiyo iliyozidi. Lakini kweli iliyomo ndani yake imetufaa nyumbani kwetu katika jambo ambalo tusingelipata kwa njia nyingine, na kwa sababu hiyo tumeona tuieleze.

Kwa mtu wa pwani hakuna mfano ulio karibu kuliko maji ya bahari. Mtu na akae Kilindini na ufito uliotiwa alama, aandike kila saa maji yamefika alama ya ngapi. Baada ya siku moja atakuwa na tarakimu 24 katika karatasi. Bahari yenyewe hanayo. Hata hivyo mwingine akizipokea tarakimu zile, ijapokuwa yuko Nairobi na hajapata kuliona jahazi, akazitia nukta katika karatasi na kupitisha mstari laini juu yake, atauona mwendo wote wa kujaa na kupwa, pamoja na nyakati zilizokuwa baina ya saa na saa, ambazo hakuna aliyeziandika. Atauona kwa sababu bahari hairuki. Hupanda na kushuka kwa taratibu yake, iwe ni bamvua au maji mafu, na anayeijua taratibu hiyo aweza kuziba mapengo bila ya kubuni.

Lakini mpimaji yule akiwa mvivu, akaja ufukweni mara moja tu kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, ambao ndio muda wa maji kujaa, kupwa na kujaa tena, kila ajapo atayakuta maji mahali pale pale. Ataapa kwamba bahari ya Mombasa haiendi wala hairudi. Hapo ndipo ilipo siri ya sauti ya dijitali: wimbi lolote, ili liweze kurudishwa kamili, lazima lipimwe zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Msingi wa kanuni hiyo uliandikwa mwaka 1928 na mhandisi mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi Marekani, Harry Nyquist, akizungumzia simu za maandishi. Na Mmarekani Claude Shannon akaithibitisha kwa hesabu katika makala yake ya mwaka 1949. Twapenda kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1928 ndio mwaka Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri. Nyquist hakumjua Siti, wala Siti hakumjua Nyquist. Na leo anayemsikiliza Siti kwa simu yake anawasikiliza wote wawili.

Diski ya CD ilipotoka mwaka 1982, wenye kuibuni waliamua kwamba wimbi la sauti lipimwe mara 44,100 kwa kila sekunde, na ufito wa kupimia uwe na alama 65,536. Tarakimu hizo hazikutolewa hewani. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo ya mpaka kiasi cha 20,000 kwa sekunde. Maradufu yake ni 40,000, na ikaongezwa nafasi kidogo ya pumzi. Sikio la mtu mzima halifiki huko. Kila miaka ikizidi ndivyo sauti za juu zinavyotutoka moja moja, na hilo tutalirudia, maana ndilo linalowagusa wazee wetu.

Kazi ya kigeuzi, basi, ni kazi ya yule mtu wa Nairobi: kupokea tarakimu na kuuchora mstari. Kuuchora vizuri kunataka mambo mawili, saa isiyoyumba na mkono usiotetemeka. Nukta zikiwekwa kabla au baada ya wakati wake, mstari hupotoka. Na umeme unaokilisha kigeuzi ukiwa na msukosuko, msukosuko huo hupanda kwenye kalamu.

Sasa tufikirie mwandishi wa hati nzuri, mmoja wa wale walioandika aya juu ya vibao vya milango, ambaye meza yake imewekwa ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga unga. Mkono wake ni ule ule na wino wake ni ule ule, lakini meza inatikisika. Hivyo ndivyo alivyo kigeuzi ndani ya kipakatalishi. Amezungukwa na kichakato kinachowaka na kuzima mabilioni ya mara kwa sekunde, feni, diski, kioo na chaja, vyote vikinywa umeme katika kisima kimoja. Watengenezaji wengine humjengea mwandishi huyo chumba kizuri ndani ya mashine, na wengine, kwa kubana matumizi, humwacha papo hapo. Kigeuzi cha pekee ni mwandishi yule yule aliyehamishwa akapelekwa nyumba ya pili.

Hayo tuliyajua kwa kusoma kabla ya kuyahitaji. Tuliyahitaji kwa sababu ya kanda.

Bibi yetu, mzaa mama, alirekodiwa na mjomba wetu mwaka 1987 katika ukumbi wa nyumba ya Kibokoni, kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya mkeka. Kanda ni ya dakika 90. Upande wa kwanza umejaa watu: hadithi za sungura, watoto wakicheka pasipo mahali pa kucheka, mtu akiuliza sukari iko wapi. Upande wa pili watu wameondoka. Amebaki mjomba peke yake, na bibi ameishusha sauti. Anamweleza mwanawe habari za mtoto wake wa kwanza, msichana, aliyezaliwa kabla ya wote tunaowajua na kuishi siku 9 tu. Alipewa jina siku ya saba. Bibi analitaja jina hilo mara moja, kwa sauti iliyo karibu na kunong'ona, kisha anaendelea na mambo mengine.

Mama yetu hakupata kulijua jina la dada yake. Kwa miaka yote bibi hakulitamka mbele ya binti zake, na katika nyumba zetu kuna mambo ambayo mtoto hamuulizi mzazi. Mjomba naye ametangulia. Mama sasa ana miaka 78, na kila aombapo dua huwataja wazee wake na ndugu zake waliotangulia kwa majina, mmoja baada ya mmoja, akifika kwa huyo husema "na yule mdogo". Alipoambiwa kwamba jina limo katika kanda, hakuwa na haja nyingine.

Kanda ilihamishwa mjini na fundi mwenye mkono mzuri, akaifanya faili isiyobanwa, kwa kipimo kile kile cha CD. Tukaifungua katika kipakatalishi cha nyumbani, tukamvika mama hedifoni. Akasikiliza kidogo, akazivua. "Mtoeni huyo mbu kwanza, wanangu," akasema, "ndipo mniambie nisikilize."

Tulipozivaa sisi tukamsikia. Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, isiyokatika, mbu hasa aliyeingia ndani ya chandarua. Tukiongeza sauti ili tumsikie bibi, na mbu anaongezeka. Katika yale maneno ya kunong'ona, jina lilikuja likiwa na mwisho bila ya mwanzo. Silabi ya mwanzo ilimezwa, na kwa mwisho uliobaki yangeweza kuwa majina mawili, yote mawili ya kawaida katika ukoo wetu. Mmoja wetu alisikia hili na mwingine akasikia lile, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Mama alitutazama tu. Hilo si jambo la kupigia kura.

Fikira ya kwanza ya watu wengi ingekuwa kwamba kanda imezeeka. Mtoto wa dada yetu mkubwa, ambaye ni fundi wa umeme, ndiye aliyetuonyesha namna ya kumjua mbu ni wa wapi, na njia yake haina gharama yoyote. Aliisimamisha faili isicheze. Kanda ikanyamaza, mbu hakunyamaza. Akasogeza kishale cha kioo huku na huku, mbu akabadili sauti kila kishale kilipotembea. Akaichomoa chaja, mbu akapungua nusu yake. "Khaloo," akamwambia mmoja wetu, "huyu hayumo ndani ya kanda ya bibi. Huyu ni wa mashine." Ikiwa msomaji ana shaka na sauti ya tarakilishi yake, na afanye mambo hayo matatu kabla ya kutoa hata shilingi moja. Mbu akinyamaza pamoja na kanda, kigeuzi kipya hakitamtoa, kwa kuwa amerekodiwa ndani.

Palikuwa na mjadala nyumbani, hatutauficha. Kaka yetu alisema kununua chombo kwa ajili ya neno moja ni israfu. Dada alisema masikio ya mama ni ya miaka 78, na hata sauti ikiwa safi kama maji ya kisima cha jiwe huenda asilisikie. Wote wawili walikuwa na la kusema, na kwa bahati njema mjadala ulikatwa na kijana, aliyekwenda kuazima kigeuzi kwa rafiki yake badala ya kungoja tukubaliane.

Kilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa kasha la halua ya nusu kilo, chenye tundu la yuesibi nyuma na tundu la hedifoni mbele na kirungu cha kuongezea sauti. Waya mmoja ukatoka katika kipakatalishi ukaingia kwenye kisanduku. Katika waya ule kulipita tarakimu, na tarakimu, zikifika salama, haziwezi kuambukizwa mbu. Moja ni moja na sifuri ni sifuri. Uchoraji ulifanyika ndani ya kisanduku, mbali na mashine ya unga.

Mbu alikuwa ameondoka. Twataka kulisema jambo hili kwa kiasi chake, maana wauzaji hulisema bila kiasi. Sauti ya bibi haikuwa tamu zaidi. Haikuwa ya dhahabu wala ya hariri. Ule mvumo wa utepe, kama mchanga unaopepetwa mbali, ulikuwapo kama ulivyokuwa, kwa sababu huo ni wa kanda yenyewe na kigeuzi hakina ruhusa juu yake. Kilichotokea ni kwamba kulikuwa na pazia baina yetu na ukumbi ule, na pazia likaondolewa. Tukasikia kunguru nje ya dirisha. Tukasikia vikuku vya bibi vikigongana alipouinua mkono, na hapo dada, aliyevirithi vikuku vile, akavitazama mkononi mwake bila kusema kitu. Kisha likaja jina, likiwa na mwanzo wake na mwisho wake.

Mama aliomba lirudishwe. Likarudishwa mara 3. Hakuuliza sisi tumelisikiaje. Jina lenyewe ni la nyumbani na hatulitangazi hapa.

Kuhusu masikio yake, dada hakuwa mbali na kweli. Utu uzima huanza kutuibia sauti za juu, na huko juu ndiko zinakokaa s, f, sh na th, herufi zinazotenganisha neno na neno. Ndiyo maana mzee husema "nakusikia, lakini sikufahamu usemalo". Hakuna kigeuzi kinachoirudisha sauti ambayo sikio limeiacha. Hilo ni jambo la daktari wa masikio, na tunawasihi watoto wasiwaachie wazazi wao kuzoea ukimya. Ila visanduku vingi vya aina hii vina amplifaya ndani yake ya kuendeshea hedifoni, yenye nguvu kuliko ile ya kipakatalishi, na nguvu hiyo ilimfaa mama. Tuelewane kwamba nguvu ni kazi ya amplifaya; kigeuzi kazi yake ni kugeuza. Vimekaa nyumba moja tu, kama mpangaji na mwenye nyumba, na muuzaji anayewasifu kwa jina moja anakuchanganya.

Kisha kijana wetu akafanya jambo ambalo lingewakera wauzaji wengi. Akatoa mfukoni kipande cha waya kifupi, cha urefu wa kidole, chenye kichwa cha simu upande mmoja na tundu la hedifoni upande wa pili. Tangu mwaka 2016, Apple walipoliondoa tundu la hedifoni katika iPhone 7 na wengine wakafuata, vipande hivyo vimetapakaa duniani, na wengi hudhani ni waya tu. Katika vile vya Apple mna kigeuzi kamili kilichofichwa ndani ya kile kichwa cha plastiki, na bei yake huko Marekani ni dola 9. Akakichomeka katika kipakatalishi mahali pa kile kisanduku cheusi.

Tukafungwa macho kwa leso, mmoja mmoja. Naye akahakikisha ukubwa wa sauti ni sawa kwa vyote viwili, jambo ambalo tunalisisitiza, kwa sababu sikio la binadamu likisikilizishwa sauti mbili zilizo sawa, moja ikiwa juu kidogo tu, litaiita hiyo ndiyo nzuri. Madukani hila hiyo hufanyika kila siku, wakati mwingine hata muuzaji mwenyewe hajui kwamba anaifanya. Akabadilisha mara nyingi, akituuliza kipi ni kipi. Hakuna kati yetu aliyefanya vizuri kuliko mtu anayerusha sarafu. Kisanduku kile, ambacho mwenyewe alikinunua kwa fedha inayoweza kumvisha mtoto Idi mbili, kikarudishwa kwake kwa shukrani na sahani ya mahamri, na kile kipande cha waya kikabaki nyumbani.

Tahadhari moja ni lazima kwa anayetaka kufanya kama sisi. Baadhi ya vipande vinavyofanana na hivyo havina kigeuzi ndani. Ni waya mtupu, uliotengenezwa kwa simu zinazotoa sauti iliyokwisha kugeuzwa kupitia tundu la chaja, na ukivichomeka katika simu nyingine au tarakilishi hutasikia kitu. Muulize muuzaji, na afadhali zaidi, kijaribu palepale dukani kwa simu yako mwenyewe.

Tumewasikia pia wanaouliza kama kigeuzi kizuri kitaboresha visomo walivyovipakua. Jibu letu hutegemea faili. Chukua kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, msomaji wa Misri ambaye alirekodi msahafu mzima kwa murattal mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sauti yake ilinaswa kwa utepe, kwa vyombo vya wakati ule. Faili zake zinazozunguka katika simu zetu ni za aina nyingi: nyingine zimebanwa kidogo, nyingine zimebanwa mno ili ziwe nyepesi kutumwa, na katika kubanwa huko vitu vimetupwa. Vilivyotupwa havipo tena. Herufi zenye mpumuo hubaki zikisikika kama zinasemwa ndani ya mtungi, na kigeuzi cha bei yoyote kitaucheza mtungi ule kwa uaminifu mkubwa. Anayetaka kisomo safi na atafute kwanza faili kubwa zaidi ya kisomo kile kile. Mara nyingi hupatikana bila malipo.

Na wenye spika ya Bluetooth wasihangaike kabisa. Katika Bluetooth simu haigeuzi kitu. Huzituma tarakimu hewani, na spika huzigeuza yenyewe ndani yake. Kigeuzi utakachokichomeka katika simu kitakaa pale kama mgeni asiyekaribishwa.

Tukiulizwa fedha ziende wapi kwanza, tutasema kwenye spika au hedifoni, kisha kwenye chumba. Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi unaomeza maneno. Tandika mkeka, tundika pazia zito, na utashangaa. Kigeuzi ni cha mwisho katika safu, isipokuwa pale penye mbu, au penye tundu lililokosekana. Zile tarakimu zinazoandikwa juu ya masanduku, biti 32 badala ya 16, vipimo 768,000 kwa sekunde badala ya 44,100, kwa masikio ya watu na kwa kanda za bibi zetu hazina kazi. Kanda ya kaseti yenyewe, hata siku iliyotoka dukani, haikuweza kubeba upana wa sauti unaobebwa na CD ya kawaida.

Tumesema tundu lililokosekana, na hapa ndipo kigeuzi cha pekee kinapozifaa nyumba nyingi kuliko zinavyojua. Runinga mpya nyembamba zina spika ndogo zilizotazama nyuma, ukutani, na mazungumzo hutoka yamezibwa. Wakati huo huo ukumbini kuna amplifaya ya zamani ya baba na spika mbili za mbao zenye sauti nzima kabisa, na watoto wanataka kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma kwa sababu runinga haina matundu mekundu na meupe ya kuziunganisha. Usiziuze. Nyuma ya runinga nyingi kuna tundu dogo la mraba lenye kifuniko, ambalo ukikisukuma utaona mwanga mwekundu. Hapo sauti hutoka kama mwanga, ikapita katika uzi wa plastiki mpaka kwenye kigeuzi kidogo, nacho huzigeuza tarakimu na kuzipeleka amplifaya kwa ule waya mwekundu na mweupe tuliouzoea. Vigeuzi vya kazi hii ni vya bei nafuu sana.

Uzi wa mwanga una faida moja zaidi. Wengine wetu tumesikia spika zikinguruma "uuu" mara tu vyombo viwili vilivyochomekwa katika soketi mbili vinapounganishwa kwa waya. Ngurumo ile ni umeme wa ukutani wenyewe, unaotetemeka mara 50 kwa sekunde na kuzunguka kupitia waya wa ardhi. Mwanga haubebi umeme. Ukiunganisha kwa mwanga, njia ya ngurumo imekatika.

Anayekifunga kigeuzi hicho asisahau kuingia katika mipangilio ya runinga na kuchagua sauti ya aina ya PCM. Runinga ikiachwa itume sauti iliyofungwa kwa namna ya Dolby, vigeuzi vidogo haviwezi kuifungua, na nyumba itabaki kimya au itajaa mikwaruzo, na watu watadhani chombo ni kibovu.

Kwetu tulikifunga Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana. Mama aliketi mahali pake karibu na dirisha, akasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho bila ya kumwambia mtu aongeze sauti. Kisha akauliza kama kile kidude cha ukumbini kinaweza kucheza na kanda ya bibi pia, ili wasikie na wajukuu. Kinaweza. Flashi huchomekwa nyuma ya runinga. Watoto wameupenda upande wa kwanza, ule wa sungura. Upande wa pili mama huusikiliza wakishalala.